Ufunguo wa Pili wa Gari Utengenezwe wa Kwanza Ungali Mkononi

Fundi funguo mzoefu, kabla hajakuuliza gari lako ni la aina gani, atakuuliza kama umebakiwa na ufunguo hata mmoja. Jibu lako hapo huamua bili kuliko hata jina la kampuni iliyounda gari. Mwenye ufunguo mmoja unaofanya kazi anaongeza wa pili kwa muda mfupi na kwa gharama inayovumilika. Aliyepoteza zote anaanza na gari la kuvuta, anafuata kitasa, kisha kompyuta ya gari, na kila hatua ina mtu wake anayesubiri kulipwa.

Nimeyaona yote mawili kwa karibu. Gari langu nililinunua likiwa limetumika, na muuzaji akanikabidhi ufunguo mmoja tu. Wa pili, alisema, ulipotea siku nyingi. (Ulizia funguo kabla hamjakubaliana bei. Ufunguo uliokosekana ni hoja nzuri ya kupunguziwa, na mimi niliitumia.) Baadaye shemeji yangu alipoteza ufunguo wake wa pekee, nami ndiye niliyezunguka naye kwa mafundi hadi gari likawaka. Wote wawili tulihitaji kitu kilekile, ufunguo mmoja mpya wenye chipu, lakini alicholipa yeye kilikuwa mara kadhaa ya nilicholipa mimi.

Kinachowatoa watu fedha nyingi ni kuuchukulia ufunguo kama kitu kimoja. Ndani ya plastiki ile mna vitu vitatu. Kuna chuma chenye meno, kinachofungua mlango na kuzungusha swichi. Kuna rimoti, yaani saketi yenye vitufe na betri, inayofunga na kufungua milango kwa mbali. Na kuna chipu, ambayo kazi yake ni moja tu: kuruhusu injini iwake. Mara nyingi kila kimoja huharibika peke yake, na mara nyingi kinaweza kutengenezwa peke yake. Ukienda dukani ukasema tu "ufunguo wangu umekufa," utauziwa vyote vitatu, pamoja na kuchongewa na kusajiliwa (yaani kompyuta ya gari kufundishwa kuitambua chipu mpya).

Chipu yenyewe haina betri. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna koili ya waya. Ukifungulia swichi, koili hiyo inatoa uga wa sumaku, kwa kawaida wa masafa ya karibu kilohezi 125, na uga huo ndio unaoipa chipu nguvu ya kujibu. Chipu za mwanzo zilitaja namba yao tu, ileile kila siku. Za baadaye hupewa fumbo na gari, zikalifumbua na kurudisha jibu. Jibu likikubalika, kompyuta inaruhusu injini. Lisipokubalika, stata itazunguka bila gari kuwaka, au gari litawaka kidogo na kuzimika, au hata stata haitazunguka; inategemea muundaji.

Kwa kuwa haina betri wala kitu kinachosagika, chipu ni nadra kufa yenyewe. Huvunjika (nyingi za zamani zilikuwa kidonge cha kioo, na ufunguo ukianguka kwenye sakafu ngumu kinaweza kupasuka) au hupotea. Basi rimoti ikigoma ilhali gari bado linawaka, jua chipu ni nzima na huna haja ya kumlipa mtu akusajilie ufunguo mpya. Anza na betri. Namba yake imeandikwa juu ya betri yenyewe. CR2032, CR2025 na CR2016 zote ni za volti 3 na zina upana wa milimita 20. Zinatofautiana unene, milimita 3.2, 2.5 na 1.6. Ukiweka nyembamba kuliko inayotakiwa, leo itagusa, kesho haigusi, na utaanza kuilaumu rimoti bure. Betri mpya isipoponya, mara nyingi tatizo ni vile vitufe vidogo vilivyochomelewa juu ya saketi. Fundi simu mwenye mkono mtulivu na solda nzuri anavibadilisha bila shida. Nimemshuhudia mtu akitajiwa bei ya ufunguo mzima kwa sababu ya kitufe kimoja cha aina hiyo.

Kava likipasuka, nunua kava. Hapo pana mtego mdogo unaogharimu sana. Kwenye funguo nyingi chipu haijashikamana na saketi ya rimoti. Imechomekwa peke yake kwenye kitundu cha plastiki, kipande cheusi kinachozidiwa ukubwa na punje ya mahindi. Mtu anahamisha saketi na chuma, anatupa kava la zamani, kisha anashangaa gari haliwaki. Kava la zamani lisiondoke mezani mpaka injini iwake kwa kava jipya. Ufunguo uliofuliwa pamoja na nguo nao usiuzike mapema: toa betri, safisha saketi kwa spiriti safi, acha ikauke kabisa. Chipu yenyewe kwa kawaida haijali maji.

Kabla ya kulipia chipu, hakikisha kwanza kwamba gari lako lina chipu. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha kinga hii kwenye magari mapya kuanzia Oktoba 1998, Australia Julai 2001, Kanada Septemba 2007. Marekani haina sheria ya taifa zima inayoilazimisha, na ndiyo sababu modeli nyingi za Hyundai na Kia zilizouzwa huko hadi mwaka 2021 hazikuwa nayo, na wezi wakazigundua. Kwa hiyo mwaka wa kuundwa peke yake haukupi jibu. Soko ambalo gari liliundiwa lina uzito pia. Wala usidanganywe na plastiki nene kichwani mwa ufunguo, maana wakati mwingine haina kitu ndani. Kwa ufunguo wa kuzungusha, jaribio ni jepesi: fungasha kichwa chake vizuri kwa karatasi ya alumini, acha chuma tu nje, ujaribu kuwasha. Gari likiwaka kama kawaida, huenda unahitaji chuma cha kuchonga tu. Likigoma na taa ya ufunguo ikamulika kwenye dashibodi, chipu ipo.

Taa hiyo ya dashibodi ikianza kumulika siku moja bila sababu, usikimbilie kununua ufunguo. Pima kwanza betri ya gari, kwa kuwa ikiwa dhaifu kompyuta hufanya vituko. Ondoa ufunguo wa gari jingine kama umeufunga kwenye pete hiyohiyo. Chipu mbili zikikaribiana mbele ya koili zinaweza kuvurugana. Jaribu ufunguo wa pili. Ukigoma nao, basi hitilafu iko upande wa gari, pengine kwenye koili yenyewe au waya zake, na ufunguo mpya hautasaidia kitu.

Sasa tuje kwenye kuongeza ufunguo. Njia ni tatu, na watu wengi wanauziwa ile ya ghali bila kujua kuna nyingine.

Ya kwanza ni kujisajilia mwenyewe. Soma kitabu cha gari, sehemu ya usalama, kabla ya kumpigia mtu simu. Modeli nyingi za Ford zilizouzwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zinamruhusu mwenye funguo mbili hai, yaani zilizokwisha kusajiliwa, kuongeza wa tatu bila mashine yoyote: unafungulia swichi kwa wa kwanza, unafunga, kwa wa pili, unafunga, kisha unachomeka mpya ndani ya sekunde chache. Baadhi ya modeli za General Motors zinatosheka na ufunguo mmoja hai. Nyingine za kampuni hiyohiyo zinakuruhusu kuanza hata bila ufunguo uliosajiliwa, ukikubali kukaa nusu saa swichi ikiwa imefunguliwa kwa vipindi vya dakika kumi kumi, ila ukimaliza funguo zote za zamani zinafutika. Angalia lakini sharti lile la Ford: funguo mbili hai. Mwenye mmoja amefungiwa nje ya njia ya bure na lazima aende kwenye mashine. Ndiyo maana nasema mwenye funguo mbili atengeneze ya tatu leo, badala ya kungoja abakiwe na moja.

Ya pili ni kunakili chipu. Fundi anaweka ufunguo wako kwenye kifaa kidogo, anasoma kilichomo na kukiandika kwenye chipu nyingine tupu. Gari haliguswi kabisa. Kwa macho yake funguo zote mbili ni ufunguo uleule. Inawezekana kwa chipu nyingi za zamani ambazo mafundi huziita 4C, 4D, 46 na 48. Usalama wa baadhi yake ulikwisha kuvunjwa hadharani: mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories walionyesha jinsi chipu ya Texas Instruments yenye ufunguo wa siri wa biti 40, iliyotumika kwenye mamilioni ya magari, inavyoweza kunakiliwa. Leo vifaa vya kunakili viko mezani kwa mafundi wengi, na kwa mtu anayetaka akiba ya kuweka nyumbani hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote. Mimi ndiyo niliyoitumia kwa ufunguo wangu wa akiba, usio na rimoti, kichwa cha plastiki na chipu ndani basi. Ina kasoro moja ambayo fundi hatakutajia usipouliza: ufunguo ulionakiliwa ukipotea au ukiibwa, huwezi kuufuta peke yake kwenye kompyuta. Ukiufuta, na ule ulio nao mkononi umefutika.

Ya tatu ni kusajili chipu mpya kwenye kumbukumbu ya gari kupitia ile soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Hapa kila ufunguo una utambulisho wake na unaweza kufutwa peke yake, au funguo zote zikafutwa na zile ulizo nazo zikasajiliwa upya. Kwa gari lisilo la zamani sana hii ndiyo itakayokuwa njia yako. Nenda na funguo zote za gari, hata ule usioupenda, kwa sababu kwenye magari mengi usajili unafuta kila kitu na kuanza upya. Ufunguo ulioachwa nyumbani utarudi kuukuta hauwashi. Hakikisha pia betri ya gari ina nguvu. Umeme ukianguka katikati ya usajili, kompyuta inaweza kuharibika, na hapo tunazungumzia fedha za aina nyingine.

Ukubwa wa bili unategemea pia ni ufunguo gani ulio nao. Toyota nyingi za zamani zilikuja na funguo kuu zenye kichwa cheusi na mmoja wa kijivu wa kumwachia mwegesha magari. Wa kijivu unawasha gari, lakini hauruhusiwi kuongeza mwingine. Fiat za miaka ya 1990 zilikuwa na ufunguo mwekundu wa kusajilia zile za bluu, na aliyepoteza mwekundu mara nyingi aliambiwa abadilishe kompyuta. Peugeot na Citroën zilitoka na kadi yenye namba ya siri. Ukinunua gari la namna hii, hicho kipande cha plastiki kinachoonekana kama takataka kwenye bahasha ya nyaraka kina thamani kuliko zulia jipya la gari. Vivyo hivyo kibati kidogo chenye namba ya ufunguo. Kipige picha, namba uihifadhi mbali na gari. Kwa namba hiyo fundi anachonga chuma kwa vipimo vya kiwandani. Bila namba ananakili meno ya ufunguo ulio nao, ikiwa ni pamoja na kulika kwake, na nakala ya nakala mwishowe inakwama kwenye swichi.

Unapopiga simu kuuliza bei, usikubali bei ya jumla. Omba itengwe: chuma na kuchonga ni kiasi gani, chipu au rimoti kiasi gani, usajili kiasi gani, na kama ni fundi wa kukufuata ulipo, usafiri kiasi gani. Mimi nilipoomba hesabu hiyo kwa wakala wa kampuni iliyounda gari, niligundua kwamba sehemu kubwa ya bei ilikuwa ni rimoti ya kampuni yenye nembo, kitu ambacho sikukihitaji kwenye ufunguo wa akiba. Uliza pia kama bei inabaki palepale funguo zikiwa mbili. Usajili wa funguo mbili kwa mkao mmoja hauna kazi mara mbili, na fundi mwenye nia njema atakuambia hivyo. Na fundi asiyekuomba kadi ya gari na kitambulisho mimi nampita, hata bei yake iwe tamu namna gani. Asiyekuuliza wewe hatamuuliza mwizi wako.

Kuna wanaonunua ufunguo mtupu mtandaoni na kumpelekea fundi autie uhai. Inaokoa fedha kweli, kwa masharti. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na chipu tofauti. Baadhi ya funguo za Toyota zimegongwa herufi G au H kwenye chuma karibu na kichwa, na herufi hiyo ndiyo inayotaja aina ya chipu. Rimoti nazo zina masafa yake: magari ya Japani na Marekani kwa wingi hutumia megahezi 315, ya Ulaya 433.92, na rimoti ya masafa mengine haitasikika kamwe hata vitufe vifanane vipi. Linganisha namba ya kifaa iliyo nyuma ya rimoti ya zamani au ndani ya kava, si picha. Kisha muulize fundi kabla ya kununua kama atakubali kusajili ufunguo ambao hakuuza yeye; wengine hukataa, wengine hukubali bila dhamana. Wako ndani ya haki yao.

Funguo zilizotumika ziogope, hasa zile za gari la kuwasha kwa kitufe. Nyingi zikishasajiliwa kwenye gari moja hujifunga nalo na kukataa jingine mpaka zifunguliwe upya kwa kifaa maalumu, na si kila aina inafunguka. Jirani yangu alinunua mmoja kwa bei ya kuchekesha. Fundi aliuangalia, akatikisa kichwa, akamrudishia. Kwa funguo hizi za kisasa utakachookoa zaidi ni gharama ya kuvutwa: betri ya ufunguo ikiisha barabarani, ndani yake mna chuma kidogo cha kufungulia mlango, na ukiugusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia (au kwenye mahali palipotajwa kwenye kitabu cha gari) injini itawaka, maana ndani yake mna ile chipu isiyohitaji betri.

Na kama zote zimepotea? Hapo ndipo alipokuwa shemeji. Simu yake ya kwanza ilimpa jibu la kubadilisha kompyuta ya gari, kitasa cha swichi na vitasa vya milango, seti nzima. Tulikataa, tukatafuta fundi anayefanya kazi hiyo kila siku. Huyo alichonga chuma kwa kusoma kitasa cha mlango, akafungua kompyuta ya kinga, akasoma kumbukumbu yake kwa mashine na kuandika ufunguo mpya ndani yake. Hakuna kilichobadilishwa. Ilikuwa ghali bado, lakini mbali sana na ile bei ya kwanza. Kwa hiyo ukiambiwa "lazima tubadilishe kompyuta," tafuta maoni ya pili kabla hujasaini. Mara chache ni kweli. Mara nyingi ni kwamba huyo aliyesema hana kifaa au hana ujuzi. Kwa modeli mpya kabisa, hata hivyo, wakala anaweza kuwa ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa kampuni, na kumzunguka ni kupoteza muda. Angalia pia bima yako. Baadhi ya sera zinalipia funguo, lakini linganisha bili na kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe kabla ya kudai.

Ufunguo ukiibwa, hasa pamoja na kitu chenye anwani yako, kufuta chipu yake kwenye kumbukumbu kunatosha kuzuia injini tu. Chuma kile bado kinafungua mlango. Uliza bei ya kubadilisha vidonge vya ndani ya kitasa cha mlango (vile vinavyolingana na meno ya ufunguo) badala ya kununua kitasa kipya. Kwa vitasa vingi inawezekana.

Kazi ikiisha, usilipe kwa kuona gari limewaka mara moja. Mwombe fundi akuonyeshe kwenye mashine yake idadi ya funguo zilizosajiliwa. Ikizidi zilizo mkononi mwako, zilizozidi zifutwe hapohapo. Zima gari, subiri dakika chache, uwashe kwa kila ufunguo, mmoja baada ya mwingine, mwingine ukiwa mbali na swichi. Fungua mlango na buti kwa chuma, kisha kwa rimoti. Mtoe mtu nje na ufunguo, wewe ukae ndani, na usikie kama kila mlango unafunga.